Risasi 13 Zilizogoma Kuingia Chemba

Shemeji alipiga simu saa tatu usiku, Alhamisi moja ya katikati ya Oktoba, na safari hii salamu zilikuwa fupi.

"Shem, komeo linagoma."

Nikadhani ni mlango. Kumbe ni bunduki.

"Linagoma vipi?"

"Risasi inaingia, nasukuma komeo linakwenda vizuri, likikaribia mwisho linasimama. Siyo zote lakini. Nimezijaribu zote 40, zilizokataa ni 13."

"Umezijaribia wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Hapa hapa gereji."

Nilikuwa nimeshajilaza, nikakaa. Risasi 40 zenye baruti na fataki, zinapitishwa moja moja kwenye chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ndani ya gereji, na nyuma ya ukuta wa gereji kuna jiko, na jikoni yuko dada yangu na watoto. Nikamwambia mambo mawili tu: toa komeo uliweke mbali na bunduki, na usiguse dai yoyote, zile kalibu za chuma zinazofungwa kwenye presi ya kujazia risasi, mpaka Jumamosi nikija. Akasema sawa, ila dai ya kwanza ameshaizungusha, mara mbili, robo duara kila mara, "maana niliona ndiyo yenye matatizo."

Huyu ni mume wa dada yangu. Wanaishi kusini mwa Wisconsin, mimi niko mwendo wa dakika 40. Kule msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huanza Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani na kudumu siku 9, na mwanamume aliyehamia huko akapata marafiki kazini hachelewi kuambukizwa. Mwaka wa kwanza alikwenda kutazama. Wa pili akanunua bunduki ya .30-06, risasi ambayo jeshi la Marekani liliipitisha mwaka 1906 na wawindaji hawajaiacha hadi leo. Wa tatu akanunua kwa mkono wa pili presi ya kujazia risasi, pamoja na sanduku la vikorokoro, kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa akihama nyumba. Mimi siwindi. Niliitwa kwa sababu nimekulia karakana, Tanga kwanza na sasa huku, nikichonga vipuri, na presi ni presi.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: risasi nzima ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba, fataki ya kuwasha moto iliyopachikwa kitakoni, baruti ndani, na kichwa kilichokaa mdomoni mwa ganda, ambacho ndicho kinachoruka. Ukishafyatua, kinachobaki na thamani ni ganda peke yake. Kwa moto ule limetanuka likajaza chemba, kwa hiyo unalipaka mafuta kidogo na kulipitisha kwa nguvu kwenye dai ya kwanza, inayolirudisha kwenye umbo na papo hapo kuitoa fataki iliyokwisha. Unapachika fataki mpya, unamimina baruti iliyopimwa kwenye mizani, na dai ya pili inakalisha kichwa. Vipimo vya baruti mtu huvitoa kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti ile ile aliyonayo mkononi, na kwenye kisa hiki havikuwa na hatia, kwa hiyo naviacha.

Majina ya sehemu za ganda ni ya mwili wa mtu, na hii inasaidia sana: kitako, kiwiliwili, bega, shingo, mdomo. Bega ni pale ganda linapoanza kusinyaa kuelekea shingoni. Kumbukeni hilo bega.

Jumamosi nilimkuta shemeji keshapanga kila kitu mezani kama mtihani wa vitendo. Risasi 27 upande mmoja, 13 upande mwingine, presi katikati imefungwa kwa bolti nne, makopo mawili ya baruti yakiwa wazi. Hayo makopo ndiyo nilianza nayo. Yakafungwa vifuniko na kuondoka mezani. Mezani linakaa kopo moja, lile unalolitumia sasa hivi, na siku hiyo tusingetumia hata moja. Risasi zote 40 nazo zikaingia boksini, boksi juu ya kabati.

"Sasa tutapima nini?" akauliza.

"Maganda matupu."

Alikuwa na nadharia yake, na haikuwa ya kijinga. Komeo likigoma kufunga, kitu cha kwanza wanachofundishwa wanaoanza ni kwamba dai ya kwanza haijashuka vya kutosha: ganda halijarudi kimo chake, bega liko mbele mno, linagonga ukuta wa chemba kabla komeo halijafika mwisho. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Ndiyo maana akaishusha robo duara, akajaza risasi nyingine, zikagoma. Akashusha robo tena, zikagoma tena, takriban kwa kiwango kile kile. Baada ya hapo akaanza kuishuku presi. Aliniwekea mkono wake juu ya nguzo ya presi, ile inayopanda kulisukuma ganda ndani ya dai, nione inavyocheza. Kweli inacheza kidogo. Presi yoyote iliyofanya kazi miaka mingi inacheza kidogo.

Mimi kilichonisumbua ni kile kiwango kilichobaki pale pale. Dai hizi zina uzi wa kipimo kimoja kwa kampuni karibu zote, upana wa inchi 7/8 na meno 14 kwa inchi, maana yake duara zima linaishusha dai milimita 1.81 na robo duara karibu milimita 0.45. Kwenye kazi ambayo sehemu ya kumi ya milimita ni umbali mkubwa, umeshusha 0.45, halafu 0.45 nyingine, na ugonjwa haukuongezeka wala kupungua. Kitu unachokizungusha hivyo bila ugonjwa kujali, ama kimeshafika mwisho wake, ama sicho kinachoumwa. Huku vyote viwili vilikuwa kweli. Nilipopandisha nguzo nikaona sakafu ya dai inakaa barabara juu ya kishikio cha ganda, chuma kwa chuma. Ile robo ya pili haikushusha kitu chochote zaidi ya kuikamua presi.

Nikamwomba maganda 10 yaliyokwisha kupita dai ya kwanza, hayana fataki wala baruti. Tukarudisha komeo kwenye bunduki, tukaangalia mtutu, tukayaingiza moja moja. Yote 10 yaliingia na komeo likafunga kwa kidole kimoja.

"Unaona," nikamwambia, "dai ya kwanza ikiyaachia yanaingia."

"Basi yanaharibika wapi?"

"Kati ya hapo na mwisho."

Tukachukua yale yale 10, tukayatia alama za namba kwa maka peni kitakoni, tukayapeleka dai ya pili na kuyakalishia vichwa, bila fataki, bila baruti. Risasi bandia. Ndizo alizopaswa kutumia tangu mwanzo kujaribia komeo, na hapa nilimsema kidogo, kwa heshima ya ushemeji, maana hata kwenye gereji yenye utulivu huwezi kumjua mtoto atakayefungua mlango wakati umeshika bunduki yenye risasi hai. Tukarudi kwenye bunduki. Namba 1 ikaingia. Namba 2 ikaingia. Namba 3 ikagoma, vile vile alivyosema kwenye simu: komeo linakwenda, linasimama kama limekutana na mpira. Namba 7 ikagoma. Namba 10 ikagoma.

Tatu kati ya kumi. Zile zake zilikuwa 13 kati ya 40. Nilifurahi zaidi ya ilivyostahili, kwa kuwa hitilafu inayojirudia mbele yako kwa uwiano ule ule imeshakubali kukaa kitako muongee.

Sasa ikaja hoja ya geji. Shemeji ana kile kipande cha chuma chenye tundu la umbo la chemba. Unadondosha risasi ndani, na kama kitako kinakaa kati ya vidato viwili vya juu, imepita. "Namba 3 imepita, shem, angalia." Akadondosha, ikakaa vizuri kabisa. Hiki kipande kilikuwa kimempotosha kwa wiki nzima. Geji ya aina ile imetengenezwa kupima kimo, kutoka kitako hadi bega na hadi mdomo. Kwa upana imechongwa kwa ulegevu makusudi, ili ganda lisikwame. Ukiiuliza urefu inakujibu kweli. Ukiiuliza unene hata haijakusikia. Yeye aliona imepita, akahitimisha risasi ni nzima na bunduki ndiyo mbovu, kisha akahitimisha bunduki ni nzima na presi ndiyo mbovu.

Tulichofanya baadaye ni ujanja wa karakana yoyote. Nilichukua namba 3, nikaipaka wino mweusi wa maka peni mwili mzima, kuanzia kitako hadi mdomoni, nikaiacha ikauke. Nikaiingiza, nikasukuma komeo taratibu mpaka liliposimama, sikulilazimisha, nikaitoa. Wino ulikuwa umebaki kila mahali isipokuwa sehemu moja: pete nyembamba, inayong'aa shaba, imezunguka ganda pale bega linapokutana na kiwiliwili. Siyo kwenye mteremko wa bega. Siyo mdomoni. Pembeni, kwenye kona. Shemeji aliishika chini ya taa akaigeuza geuza.

"Imevimba."

Venia, kile kipimo cha unene, ikathibitisha. Maganda yaliyokuwa yameingia yalisoma pale konani milimita 11.16, 11.17. Namba 3 ilisoma 11.27. Kumi za mia za milimita, huwezi kuziona kwa jicho, na kidole chenye mazoea hukisia tu. Kipenyo cha kawaida cha sehemu hiyo kwa .30-06 ni 11.20, na chemba haina nafasi kubwa zaidi ya hapo.

Nani anaweza kulivimbisha ganda begani wakati wa kukalisha kichwa? Hapo inabidi kuifungua dai ya pili na kuichungulia. Ndani yake, juu, kuna ngazi ndogo iliyochongwa kwa mzunguko. Kazi ya ngazi hiyo ni kuubana mdomo wa ganda uingie kidogo kukishika kichwa, kwa wale wanaohitaji mbano huo: bunduki ambazo risasi zake hupangwa kwa foleni ndani ya bomba chini ya mtutu, au bastola kubwa zinazorudi nyuma kwa nguvu zikifyatuliwa, ambamo kichwa kinaweza kusogea. Bunduki ya komeo kama ya shemeji haina haja nao. Na vichwa alivyonunua havikuwa hata na mfereji wa kuzunguka ambamo mdomo ungezama. Kwa hiyo dai ikishuka mno, ile ngazi inaukuta mdomo wa ganda na kuusukuma chini. Kichwa hakipishi, shingo haina pa kwenda, nguvu yote inashuka begani, na bega, ambalo ni laini, linafura pembeni. Ni kama kumkandamiza mtu kichwani akiwa amesimama: magoti ndiyo yatakayotoka.

"Ulisetije hii ya pili?"

"Kama ya kwanza. Niliishusha mpaka ikakaribia kugusa kishikio, nikafunga nati."

Basi. Dai ya kwanza inashushwa hadi kugusa kishikio, na maelekezo yanasema hivyo. Ya pili haishushwi hivyo. Unaweka ganda lililokwisha kurudishwa umbo na kukatwa kimo, unapandisha nguzo, unashusha dai kwa vidole mpaka uhisi ile ngazi imegusa mdomo, halafu unairudisha juu nusu duara hadi duara zima, unafunga nati. Yeye aliiga ya kwanza. Na mimi namwelewa: dai mbili zinafanana kama pacha, sanduku lilikuja bila karatasi ya maelekezo, na mzee aliyemuuzia aliziacha kama alivyokuwa akizitumia yeye.

Lakini hapo bado kulikuwa na deni. Kama dai ya pili iko chini mno, mbona hazikuharibika zote 40? Kwa nini 13? Jibu lisilolipa deni hilo mimi silipokei, hata likiwa linapendeza, kwa sababu ningeipandisha dai, risasi zingeingia, na sababu ya pili ingebaki pale imelala.

Tukapima urefu wa maganda yote 10, kitako hadi mdomo. Kwa .30-06 mwisho ni milimita 63.35, na unapokata unalenga 63.1. Saba zilizoingia zilikuwa kati ya 63.05 na 63.18. Zilizogoma: 63.31, 63.36, 63.42. Mstari ulikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Fupi zilikuwa zinapita chini ya ile ngazi kwa upana wa unywele. Ndefu zilikuwa zinaigonga.

"Lakini nilizikata zote!" Hapa aliumia kweli, maana kukata ni kazi ya kuchosha na aliifanya jioni mbili.

"Ulizikata kabla ya dai ya kwanza au baada?"

"Kabla. Nilipozitoa shambani."

Dai ya kwanza ikilibana ganda mbavuni, shaba ile haipotei, inapanda. Ganda linatoka refu kuliko lilivyoingia, na siyo yote kwa kiasi kimoja: lililofyatuliwa mara nyingi, lililotanuka zaidi, lililopakwa mafuta kidogo, kila moja na lake. Ukikata kabla, umekata kitu ambacho bado kinakua. Na hili la urefu nililichukulia kwa uzito kuliko hata ule uvimbe. Ganda refu kupita kiasi linaweza kufika mwisho wa chemba na mdomo wake kubanwa na chuma cha mtutu, ukakishika kichwa wakati moto unakisukuma. Shinikizo linapanda bila wewe kuongeza hata chembe ya baruti. Uvimbe ulimzuia kufunga komeo. Ungesema ulikuwa unamlinda. Namba 10, ile ya 63.42, ndiyo ambayo mtu mwenye haraka angeisukuma kwa kiganja mpaka ifunge.

Kabla ya kurekebisha chochote nilitaka kuiona ile dai ikitenda kosa kwa amri. Tukachukua ganda fupi lililokuwa limeingia vizuri, tukaishusha dai ya pili robo duara zaidi, tukalipitisha. Likatoka na bega limekunjamana, safari hii jicho lolote lingeona. Tukapandisha dai, tukachukua ganda refu kabisa tulilolikuta kwenye ndoo, tukalikalishia kichwa: halikuvimba. Kwa hiyo tuliweza kuuwasha na kuuzima. Ndipo tukaiseti sawasawa, duara zima juu ya pale ilipogusa, kisha ule msumari wa kati unaosukuma kichwa tukaushusha kiasi kile kile ili kichwa kikae kina chake cha awali. Ukiusahau huo, risasi zote zinatoka ndefu, na urefu wa risasi nzima ya .30-06 una mwisho wake, milimita 84.84.

Dada akaja na sinia la chai na chapati. Nikamwomba alirudishe jikoni, tutakuja wenyewe. Kwenye fataki kuna risasi madini, ile ya sumu, vumbi lake linakaa vidoleni na mezani, na chapati unaimega kwa mkono. Tulinawa kwa sabuni kwanza. Shemeji alisema hajawahi kufanya hivyo. Dada akamtazama, na sikuhitaji kuongeza neno.

Tuliporudi tulihesabu hasara. Zile 13 zilivunjwa kwa nyundo ya kung'olea vichwa: risasi inafungwa ndani ya kichwa cha nyundo, unapiga kwenye gogo, uzito wenyewe unakitoa kichwa. Tulivaa miwani. Baruti iliyotoka alitaka kuirudisha koponi. Nikamuuliza kopo lipi, akanyoosha kidole, akasita. Alikuwa na mawili mezani, kama nilivyoyakuta. Baruti usiyoweza kuiapia haina kopo. Ikaishia nje, imetandazwa nyembamba kwenye majani. Kati ya zile 27 "nzima", tulizipima konani kwa venia na kukuta nne zimeanza kufura, 11.22 na 11.23, zikafuata wenzake. Zikabaki 23.

Na ile robo mbili za dai ya kwanza hazikupita bure. Tulipolinganisha maganda yake mapya na yale aliyoyafyatua yeye, kimo hadi bega kilikuwa kimerudi nyuma milimita 0.13. Kwa bunduki ya komeo 0.05 inatosha. Tofauti hiyo ganda huilipa kwa kuvutika karibu na kitako kila likifyatuliwa, mpaka siku moja linakatika. Tukapandisha dai kidogo kidogo mpaka 0.05. Yale maganda aliyoyabana mno tuliyatia alama nyekundu: yakifyatuliwa mara hii, hayarudi kwenye presi. Kwa mengine nilimwachia waya mwembamba uliopindwa ncha, wa kuchokonoa ndani karibu na kitako. Ncha ikikwama kwenye mfereji, ganda linatupwa.

Kuna mmoja wa kwetu aliyeniuliza baada ya kusikia kisa hiki kama anaweza kufanya kazi hii. Marekani sheria ya shirikisho haimdai leseni anayejaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe; akianza kuziuza ndipo leseni inahitajika. Ila aliyeko huku kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi hata kumiliki risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache, kimojawapo kikiwa kibali halali cha kuwinda. Asome karatasi zake kwanza. Tanzania na Kenya asijaribu: bila kibali ni kosa la jinai, wala presi haitasaidia kujieleza.

Presi haikununuliwa nyingine. Inacheza vile vile. Kabla sijaondoka nilitaka alama ya kuonyesha kama dai ya pili imesogea, mstari mmoja unaoshuka kutoka kwenye nati hadi kwenye mwili wa dai, ili nati ikilegea mstari uvunjike na akione kwa jicho bila kupima. Maka peni hufutika kwa mafuta. Shemeji aliingia ndani akarudi na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akauchora kwa mkono uliotulia. Dada bado anakitafuta.